Timu ya Nyumbani, Waendeshaji wa Ghaibu

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba kiko kijiji cha watu wapatao 1,500 chenye uwanja wa michezo wa kuchukua watu 15,000, atakuuliza kwanza kama ulilala vizuri jana usiku. Nani atakayeujaza uwanja huo? Na kama hakuna wa kuujaza, aliyeujenga alikuwa na nia gani? Lakini kijiji hicho kipo. Jina lake ni Målilla, nacho kiko nchini Uswidi, kule kaskazini mwa Ulaya katika nchi zinazojulikana kwa pamoja kama Skandinavia. Wala uwanja wake si wa kandanda, mchezo tuliouzoea sisi. Ni uwanja wa mbio za pikipiki.

Waswidi na mashindano ya injini si wageni masikioni mwetu. Wenye umri wa kutosha watamkumbuka Björn Waldegård, Mswidi aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally hapa Kenya mara nne: mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990. Tulimshangilia kana kwamba ni mwana wetu, ingawa tulikuwa na majogoo wetu wenyewe, kina Joginder Singh na Shekhar Mehta. Basi leo tuigeuze safari ile. Tutoke huku twende kwao, tukaone jinsi Waswidi wa kijijini nao wanavyowashangilia wageni na kuwaita watu wao. Na tukifika huko tujiulize swali moja ambalo linawasumbua wapenzi wa mchezo huo kwa wakati huu: timu ambayo nyota wake wengi ni watu wa kukodiwa kutoka ng'ambo, je, bado ni timu ya nyumbani?

Pikipiki isiyo na breki

Mpenzi msomaji, kabla ya kulijibu swali hilo yafaa kwanza uujue mchezo wenyewe. Unaitwa spidiwei. Ulipata umaarufu nchini Australia katika miaka ya 1920, ukaingia Uingereza mwaka 1928, na kutoka hapo ukaenea Ulaya. Pikipiki yake si sawa na hii ya bodaboda inayokungoja pale kivukoni Likoni. Ina silinda moja ya ujazo wa sentimita 500, hunywa methanoli badala ya petroli, ina gia moja tu, na uzito wake hauruhusiwi kupungua kilo 77. Tena, jambo la kutia hofu zaidi ya yote, haina breki hata kidogo.

Waendeshaji wanne hujipanga nyuma ya utepe. Utepe ukiruka juu, wote huachia klachi kwa pamoja na kuikimbilia kona ya kwanza, maana anayetangulia hapo amekwisha pata nusu ya ushindi. Huzunguka mara nne, daima kwa upande wa kushoto. Njia ya Målilla ina urefu wa mita 305 kwa mzunguko mmoja, nayo imetandazwa changarawe laini. Kwenye kona mwendeshaji huilaza pikipiki ubavu, gurudumu la nyuma likateleza na kumwaga changarawe nyuma yake, na mguu wake wa kushoto, uliovikwa kiatu cha chuma, ukaburura chini kama nanga isiyoshika. Dakika moja hivi, mbio zimekwisha. Wa kwanza hupata alama tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, na wa mwisho haambulii kitu.

Katika mechi za ligi kila timu huingiza waendeshaji wawili katika kila mbio, na mbio za mechi nzima ni 15. Ukijumlisha alama zote utapata 90, kwa hiyo timu inayofikisha 46 haiwezi tena kushikwa. Hapo ndipo penye siri ya mchezo huu. Mtu huendesha peke yake, na akianguka huanguka peke yake, lakini alama zake huingia katika kapu la wote. Mwendeshaji mwerevu akiwa mbele huangalia nyuma, akamfungia njia mpinzani ili mwenzake wa timu naye apite. Anayejali nafsi yake peke yake anaweza kushinda mbio zake zote, na timu yake ikashindwa mechi.

Jina la muasi

Målilla iko katika jimbo la kale la Småland, kusini mashariki mwa Uswidi, ndani ya wilaya ya Hultsfred. Ni nchi ya misitu na mawe, ambayo katika karne ya 19 watu wake wengi waliihama na kwenda Marekani kwa sababu ardhi haikuweza kuwalisha. Katikati ya kijiji imesimama termometa kubwa, nayo ina sababu yake. Tarehe 29 Juni 1947 joto la Målilla lilifika nyuzi 38 za Selsiasi, kiwango cha juu kabisa kilichopata kupimwa nchini Uswidi, sawa na kile cha Ultuna cha mwaka 1933. Sisi wa mwambao huenda tukacheka kidogo kuona joto la siku moja likiwekewa ukumbusho. Lakini kijiji kidogo hushika lolote litakalokifanya kijulikane, na watu wa Målilla wameshika mambo mawili, termometa na pikipiki.

Timu ya kijiji hicho inaitwa Dackarna, maana yake watu wa Dacke. Na Dacke ni nani? Nils Dacke alikuwa mkulima wa nchi hiyo ya Småland. Katika mwaka wa 1542 aliwaongoza wakulima wenzake kumpinga Mfalme Gustav Vasa. Mfalme huyo alikuwa ameongeza kodi, amechukua fedha na kengele za makanisa, na amewazuia wakulima wasiuze ng'ombe na siagi yao ng'ambo ya mpaka, katika sehemu zilizokuwa chini ya Denmark wakati huo. Wakulima waliwaua watoza kodi wa mfalme, na kwa miezi kadhaa jimbo zima likawa mikononi mwa Dacke, hata mfalme akalazimika kufanya naye mapatano. Lakini mapatano yale yalikuwa ya kununua wakati tu. Mwezi Machi 1543 jeshi la mfalme lilimshinda Dacke karibu na Virserum, mwendo mfupi kutoka Målilla, naye akajeruhiwa. Miezi michache baadaye aliuawa msituni, na mwili wake ukakatwakatwa na kutundikwa mjini Kalmar ili iwe onyo kwa wengine.

Kwa muda mrefu vitabu vilivyoandikwa kwa fadhila za wafalme vilimwita msaliti. Lakini watu wa Småland hawakumsahau, na mwaka 1956 sanamu yake ilisimamishwa palepale Virserum. Mwaka uliofuata, 1957, timu iliyochukua jina lake ikatwaa ubingwa wa Uswidi katika spidiwei. Ikautwaa tena 1958, na tena 1959, na kwa mara ya nne 1962. Kijiji ambacho msafiri angeweza kukipita bila kugeuza shingo kikawa juu ya miji mikubwa.

Jambo hili la majina lina maana kubwa katika mchezo huo. Timu nyingi za Uswidi hubeba majina yanayowataja watu wa mahali na kazi zao. Timu ya Eskilstuna, mji wa viwanda vya chuma, ni Smederna, yaani wahunzi. Timu ya Hallstavik, penye kiwanda cha karatasi, ni Rospiggarna, watu wa pwani ya Roslagen. Ya Avesta ni Masarna, jina wanaloitwa watu wa jimbo la Dalarna. Ya Göteborg, mji wa bandari, ilijiita Kaparna, nao walikuwa mabaharia waliopewa ruhusa na serikali yao kuteka majahazi ya adui. Ukiyasoma majina haya kwa utaratibu, umesoma historia ya nchi: nani alifua chuma, nani alikwenda baharini, na nani alimkatalia mfalme. Ama kweli, jina jema hung'ara gizani.

Jina likauzwa, jina likarudi

Lakini jina nalo ni mali, na mali huuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 gharama za mchezo zilipopanda, timu ya Målilla ililiweka kando jina la Dacke, ikashindana kwa jina la kibiashara, Luxo Stars. Usiwalaumu haraka viongozi wao. Injini za spidiwei ni ghali na huhitaji kufunguliwa na kutengenezwa mara kwa mara. Matairi huisha upesi. Waendeshaji wakubwa hulipwa kwa kila alama wanayoipata, na juu ya hayo kuna nauli zao za ndege. Kijiji cha watu 1,500 hakiwezi kuyabeba hayo yote kwa fedha za mlangoni peke yake.

Hata hivyo mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Jina la Dackarna lilirudishwa, na mwaka 2007 timu ikatwaa ubingwa wa Uswidi, miaka 45 baada ya ule wa 1962. Mwaka 2021 ikautwaa tena. Hatusemi kwamba ni jina lililoshinda mbio, kwa maana jina halikanyagi klachi. Tunachosema ni kwamba wenyeji waliona kuna kitu ambacho hakikuwa cha kuuzwa, wakakirudisha nyumbani, na hawakushindwa kuishi kwa sababu hiyo.

Walitafuta njia nyingine ya kupata fedha. Waliuza jina la uwanja badala ya jina la timu. Uwanja uliwahi kuitwa G&B Arena, na baadaye ukawa Skrotfrag Arena, kwa jina la kampuni inayokusanya na kuuza vyuma vikuukuu. Ligi kuu yenyewe kwa miaka ya karibuni imebeba jina la maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo leo watu wa Dacke hushindana katika ligi ya muuza vifaa, ndani ya uwanja wa muuza vyuma. Anayetaka kucheka na acheke. Lakini mtu anayeukodisha ukuta wa nyumba yake ubandikwe tangazo hajakodisha jina la babake.

Askari wa kukodiwa

Hapa sasa tunafika kwenye kiini cha swali letu. Historia inatueleza kwamba Gustav Vasa alipotaka kumvunja Dacke alitumia askari wa kukodiwa kutoka Ujerumani. Wakulima walipigania mashamba yao. Wale wageni walipigania mshahara. Lakini tazama mambo ya dunia yanavyogeuka! Leo timu yenye jina la Dacke ndiyo inayokodi wageni. Hukodi Wapolishi, Wadenmaki, Waaustralia, Waingereza, na yeyote mwenye mkono mzuri wa klachi.

Tena wageni hawa hawakai. Maisha ya mwendeshaji mkubwa wa spidiwei ni maisha ya uwanja wa ndege. Kwa kawaida mechi za Uswidi huwa Jumanne, za Denmark Jumatano, za Poland Ijumaa na Jumapili, na mashindano ya ubingwa wa dunia huwa Jumamosi. Mtu mmoja anaweza kuvaa rangi za timu tatu za nchi tatu katika wiki moja. Jumanne aliyekuwa mwenzako wa timu, aliyekufungulia njia kwenye kona, Ijumaa huwa mpinzani anayekufungia njia ileile. Kila nchi ana pikipiki zake na fundi wake. Målilla huiona kuanzia saa za alasiri mpaka usiku, kisha huyo, ameondoka.

Basi wako wanaosema kwamba hii si timu ya nyumbani tena. Husema kwamba ni duka lenye kibao cha kijiji, na bidhaa zote zimetoka nje. Huongeza hoja ambayo si rahisi kuipuuza. Uswidi ilikuwa dola katika mchezo huu. Ove Fundin alikuwa bingwa wa dunia mara tano kati ya 1956 na 1967, Björn Knutsson akafuata 1965, Anders Michanek 1974, Per Jonsson 1990, na Tony Rickardsson mara sita kuanzia 1994 hadi 2005. Jumla ni mara 14. Tangu 2005 hakuna Mswidi mwingine aliyelitwaa taji hilo. Fredrik Lindgren alilikaribia mwaka 2023 akawa wa pili, nyuma ya Mpolishi Bartosz Zmarzlik, ambaye mwaka 2025 aliufikia ubingwa wake wa sita, sawa na Rickardsson na Ivan Mauger wa New Zealand. Wanaolalamika huuliza: vijana wa Småland watajifunza wapi, ikiwa nafasi zao zimejazwa na wageni?

Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuikatai. Lakini inaangalia njia ya mbio tu, haiangalii kilichoizunguka.

Nani huufagia uwanja?

Hebu tuuangalie uwanja siku ya mechi kwa jicho jingine. Yupo anayeendesha trekta la kusawazisha changarawe baada ya kila mbio chache. Yupo anayenyunyizia maji ili vumbi lisiwapofushe waendeshaji na watazamaji. Yupo anayeshika bendera kwenye kona, anayekata tiketi, anayeelekeza magari, anayemimina kahawa na anayekaanga soseji. Mechi ikiisha, yupo anayeokota takataka zilizoachwa na maelfu ya watu. Katika vilabu vya Uswidi wengi wa watu hawa hawalipwi. Mchana ni mafundi, walimu, wakulima na wastaafu. Jioni ya mechi ni watumishi wa klabu yao. Jambo hilo si la spidiwei peke yake, kwani michezo yote ya nchi ile imejengwa juu ya watu wa kujitolea.

Aidha, kuna kanuni inayowalinda. Shirikisho la michezo la Uswidi limeweka sharti kwamba klabu ikiunda kampuni ili kuendesha timu yake, wanachama wa klabu lazima wabaki na wingi wa kura katika kampuni hiyo. Tajiri aweza kuingiza fedha zake, aweza kuandikisha jina lake ukutani na kwenye mavazi, lakini hawezi kuinunua timu na kuihamishia mjini. Mwanachama mmoja mmoja ana kura yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kinachomiliki timu.

Kwa hiyo mwendeshaji ni wa kukodiwa, lakini uwanja si wa kukodiwa, wala mkono unaoufagia. Hapa ndipo palipo tofauti kati ya wageni wa Dackarna na askari wa Gustav Vasa. Wale waliletwa na mfalme kuwatawala wenyeji. Hawa wameletwa na wenyeji wenyewe, kwa kura zao na kwa jasho lao. Wahenga wetu wa pwani walikwisha sema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo ina sharti lililojificha ndani yake: lazima mwenyeji awepo. Mgeni akikuta nyumba haina mwenyewe hatamponya mtu. Ataishi humo mpaka paa lianguke, kisha atakwenda zake.

Damu haina pasipoti

Wala tusidhani kwamba mtu wa kukodiwa hatoi ila kazi ya fedha tu. Spidiwei ni mchezo wa hatari kubwa. Mkumbuke Per Jonsson tuliyemtaja. Mswidi huyu, bingwa wa dunia wa 1990, alikuwa pia akiishindania klabu ya mji wa Toruń nchini Poland. Mwaka 1994 alianguka vibaya katika mechi ya ligi huko Poland, akavunjika uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hakutembea tena. Alikuwa mgeni aliyekodiwa. Lakini watu wa Toruń hawakumhesabu kuwa mgeni. Walipojenga uwanja wao mpya na mkubwa wa spidiwei, barabara ya uwanja ule ilipewa jina lake, na leo ndiyo anwani ya uwanja huo.

Msomaji ataona kwamba katika tukio hilo Mswidi alikuwa ndiye mgeni na Mpolishi ndiye mwenyeji. Kule Målilla ni kinyume chake. Hivyo ndivyo mizani ya mchezo huu inavyokaa sawa. Kila taifa limewahi kutoa wana wake kuwapa wengine, na wengine wamewapokea. Mtu akimwaga damu kwa ajili ya jina lililo kifuani mwake, ni vigumu kumwambia kwamba jina lile halimhusu kwa sababu pasipoti yake ni ya nchi nyingine.

Hatari yenyewe iko wapi?

Tukisema hivyo hatusemi kwamba Målilla iko salama. Hatari ipo, ila haiko pale walalamikaji wanapoielekezea kidole. Haiko kwa mgeni anayekuja Jumanne. Iko katika mambo matatu.

La kwanza ni fedha za Poland. Ligi ya Poland ndiyo tajiri kuliko zote, viwanja vyake vinajaa, na waendeshaji wakubwa hupata huko sehemu kubwa ya riziki yao. Anayelipa sana hutaka kuamuru. Wakubwa wa ligi hiyo wamewahi kuweka masharti juu ya ligi ngapi nyingine mwendeshaji wao aruhusiwe kushiriki, kwa hoja kwamba anachoka na anaweza kuumia. Hoja ni ya haki, lakini matokeo yake ni kwamba kijiji cha Småland kinaweza kuikosa timu yake kwa uamuzi uliofanywa katika nchi nyingine.

La pili ni tamaa ya ukubwa. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalipogeuzwa kuwa ya mfululizo mwaka 1995, waandaaji walianza kuvipenda viwanja vikubwa vya mijini, ambamo njia ya mbio hutandazwa kwa usiku mmoja na kuzolewa kesho yake. Stockholm ilikuwa na mashindano ya namna hiyo katika uwanja wa Friends Arena kuanzia 2013 hadi 2017. Taa zilikuwa nzuri na viti vilikuwa laini. Lakini mwisho wake mashindano yalirudi vijijini, Hallstavik na Målilla, kwa watu wanaoijua changarawe yao kama mvuvi anavyoujua mwamba ulio mbele ya nyumba yake. Uwanja wa mjini ulikuwa wa kukodi. Njia yake ilizolewa na haikuacha mtu wa kuililia.

La tatu, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni umri wa wale wanaofagia. Mtu wa kujitolea hatengenezwi na mkataba. Hutengenezwa na babake aliyemchukua uwanjani akiwa mtoto, akampa bendera ndogo ashike, na miaka kumi baadaye akampa ufagio. Kijana wa leo ana simu mkononi na kazi mjini. Akiondoka, hakuna fedha ya mfadhili inayoweza kuijaza nafasi yake, kwa kuwa siku utakapoanza kumlipa kila anayemimina kahawa na kila anayeshika bendera, hesabu ya klabu itakuwa imevunjika. Mwendeshaji aweza kukodiwa Poland au Australia. Mwenyeji hakodiwi popote.

Na hapo ndipo lilipo jibu la wale wanaouliza vijana wa Småland watajifunza wapi. Watajifunza palepale, juu ya pikipiki ndogo za watoto na juu ya trekta la changarawe, iwapo klabu itaendelea kuwa mali ya wanachama wake. Kijana anayemtazama bingwa wa dunia akifungua injini yake mita chache kutoka alipo hupata somo ambalo halipatikani shuleni. Timu ikiuzwa, au uwanja ukifungwa, wageni watakwenda kwingine bila hasara. Atakayepata hasara ni kijana huyo.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba timu ya nyumbani haipimwi kwa mahali walipozaliwa waendeshaji wake. Hupimwa kwa nani mwenye kura, nani mwenye jina, na nani anayebaki taa zikizimwa. Kwa vipimo hivyo vitatu, Dackarna ingali ya Målilla. Nils Dacke mwenyewe hakushindwa na wageni peke yao. Alishindwa wakulima wenzake walipochoka, wakarudi makwao mmoja mmoja na kumwachia msitu.

Jumatano asubuhi, nyota wa usiku uliopita huwa amekwisha fika Denmark, ameshika klachi nyingine na amevaa rangi nyingine. Målilla hubaki trekta, changarawe iliyochimbika kwenye kona, na mzee anayeisawazisha kwa ajili ya mechi ijayo. Anayetaka kujua kama timu hiyo itaishi asitazame orodha ya waendeshaji. Atazame kama pembeni mwa mzee yule amesimama kijana.